Mikono Miwili ya Kushoto

Mtaani walimwita Mapindo, kwa kuwa kazi yake ilikuwa kupinda tu: suruali zilizozidi urefu, mapazia, sare za shule. Kukata, hapana. Ukimletea kitambaa kizima anakuelekeza kwa fundi wa jirani, na sababu anakupa bila kuombwa. Wateja walikwisha kuizoea hadithi hiyo kama mlio wa cherehani yake.

Basi asubuhi moja mtoto wa dada yake akaingia mbio, furushi kifuani, macho yanacheka.

"Shikamoo mama mdogo. Hiki ndicho kipande cha mwisho dukani. Naolewa nacho, na unakata wewe."

Mapindo akarudisha mikono nyuma kama aliyeonyeshwa moto.

"Marahaba. Mwanangu, kwani hujui? Mama yako alipoolewa nilimkatia gauni. Kitambaa kina uso na mgongo. Ukikata mkono wa pili wa gauni, lazima ukigeuze. Sikugeuza. Nikatoa mikono miwili ya kushoto, na harusi ni siku hiyohiyo. Dada akalia. Tangu hapo sikati."

"Halafu?"

"Halafu nini? Imeisha."

"Ajabu," binti akasema. "Mama huwa anaanzia hapo."

Miaka yote hiyo Mapindo hakuwahi kumsikia dada yake akiisimulia. Kila mara aliwahi kuisimulia yeye kwanza. Na dada mwenyewe ndiye huyo anamalizia kupanda ngazi, anayalaumu magoti yake.

"Dada, hebu simulia ya gauni lako. Na usinionee huruma."

"Huruma ya nini?" Dada akajitupa juu ya rundo la mapazia. "Nililia, kweli. Huyu akanifokea, 'Nyamaza, utalowesha kitambaa.' Akaifumua ile mikono, akaichana, akaiunga, ikawa mtandio wa mabega. Gauni likabaki mikono wazi. Nilicheza mpaka bwana harusi akaomba kiti. Wenzangu wakaulizia fundi, nikawaelekeza kwa mdogo wangu."

"Niliwafukuza," Mapindo akasema taratibu. "Nilijua wamekuja kunicheka."

"Walikuja na vitambaa, mjinga wewe."

Mapindo akasimama, akaanza hadithi upya, kama anayejaribu kiatu kwa kukanyaga sakafu. Alikata mikono miwili ya kushoto. Dada akalia. Akamfokea. Akafumua, akachana, akaunga. Sauti ikawa inapanda. Alipofika kwenye mtandio, vidole vyake tayari vilikuwa vinapapasa meza kutafuta chaki.

"Gauni lako liwe na mikono?" akamuuliza binti.

"Mirefu."

"Basi ichoree na vidole kabisa," dada akasema, "usije ukapotea tena."

Mapindo alicheka huku anatandaza. Akakata mkono wa kwanza. Wa pili akaugeuza, akasita, akaupapasa uso na mgongo. Binti aliziba mdomo kwa kiganja. Mkasi ukapita, mrefu na laini, mpaka mwisho. Akaiweka mabegani mwa binti: mmoja kulia, mmoja kushoto, imetazamana kama mapacha. Dada akapiga makofi mpaka vumbi likaruka kwenye mapazia.

Mlangoni alikuwa amesimama mteja, kitambaa kizima mkononi.

"Najua, Mapindo, hukati. Nilitaka unielekeze tu kwa jirani."

"Ingia," Mapindo akasema. "Ile hadithi hukuisikia yote. Kwanza weka kitambaa mezani."