Pumba Zilizonyeshewa

Mdogo wangu wa kike alirudi nyumbani Bigwa, Morogoro, na kompyuta, mizani ya kupimia vitu vyepesi, na habari za shahada ya pili aliyokuwa akiisomea kaskazini: nanoteknolojia. Mama hakuweza kulitamka jina hilo. Akawaambia wenzake wa jumuiya, "Anasoma vitu vidogo mno, havionekani kwa macho."

"Basi hata mganga wa kule kwetu mlimani ana shahada," mjomba akadakia.

Wote wakacheka. Mimi nilicheka kuliko wote, na mdogo wangu akaniangalia.

Nilimwonea wivu, na wala sikuwa na kisingizio. Hakuna aliyeninyima shule ili asome yeye. Niliacha mwenyewe kidato cha pili, nikapanda lori la karanga lililokuwa likirudi Gairo, kwa sababu nilitaka kujua barabara ile inaelekea wapi. Baadaye nikakata miwa, nikashusha mboga kutoka mlimani, nikakaa kwa fundi redio. Kila nilichokiona nilitaka kujua kinafanyaje kazi, na kila nilipokaribia kujua, nikahama. Yeye alitulia sehemu moja, akapewa majibu.

Wakati huo nilikuwa nachoma tofali. Viwanda vya mjini vilikuwa vimeuzwa kwa watu binafsi, vingine vimefungwa, na kila mwenye mtaji kidogo alikuwa amefunga mashine ya kukoboa mpunga. Nyuma ya kila mashine palikuwa na kilima cha pumba. Sisi wachomaji tulizichukua bure, tukazitumia badala ya kuni.

Kumbe naye alizifuata hizo hizo. Alinieleza uani, akichora chini kwa kijiti. Ndani ya ganda la mpunga mna kitu kile kile kilichomo kwenye mchanga na kioo. Ukilichoma vizuri, unabaki unga wa chembe ndogo kiasi kwamba elfu moja zingejipanga kwenye upana wa unywele mmoja. Alitaka kuutumia kuchujia maji ya mto. Lakini majivu yalipaswa kutoka meupe, tena kwenye jiko la mkaa, kwani msimamizi wake alitaka njia ambayo mtu wa kijijini ataiweza. Asipoyapata hadi mwisho wa mwezi, angebadilishiwa mada na kuanza upya, na ufadhili wake usingemsubiri.

Mara ya kwanza majivu yalitoka meusi. Sikushangaa. Alikuwa amechukua pumba mpya, kavu, za rangi ya dhahabu, zilizotoka mashineni asubuhi ile. Mchomaji yeyote anajua kwamba hizo hubaki nyeusi. Zinazotoa majivu meupe kama chokaa ni zile za chini kabisa ya kilima, zilizonyeshewa masika yote. Sisi hatuzipendi kwa sababu zinachelewa kukauka.

Nilijua, nikanyamaza.

"Kaka, wewe ndiye mtu wa moto," aliniambia wiki ya pili. "Nakosea wapi?"

"Mimi mchoma tofali tu. Waulize wasomi wenzako."

"Acha utani bwana."

"Labda jiko."

Akabadilisha jiko. Nikasema labda mkaa, akabadilisha mkaa. Nikasema labda kopo la kuchomea, akatafuta kopo jingine. Nilikaa naye nikimpepelea moto. Mtu mwenye shahada alikuwa akiniuliza mimi maswali, na nakiri ilikuwa tamu.

Siku nne kabla ya mwezi kwisha, nilimsikia akiongea na msimamizi wake kwa simu. "Ndiyo, mwalimu. Inaelekea pumba za Morogoro hazifai. Sawa, nitaandika hivyo."

Hapo nikachomwa. Angeandika uongo, ungewekwa maktaba, na watu wangeusoma kama ukweli. Aliyejua kuwa ni uongo ni mimi peke yangu, na nisingeweza kuandika hata mstari mmoja wa kuupinga.

Nilichukua koleo nikaenda mashineni, nikachimba hadi chini, nikarudi na nusu gunia la pumba za kijivu zenye harufu ya uvundo. Nikazianika kwenye mkeka siku tatu, nikizigeuza.

"Uchafu huo wa nini?" aliuliza.

"Choma."

Majivu yalitoka meupe. Aliyagusa kwa kidole, akanigeukia.

"Umejua lini?"

"Tangu siku ya kwanza."

Hakupiga kelele. "Nimelia kwa mama wiki tatu, Kaka. Na wewe unanipepelea moto."

"Ndiyo."

Akayatazama tena yale majivu, na uso wake ukabadilika. "Mvua," alisema. "Mvua imeosha potasiamu. Hiyo ndiyo inayoyeyuka na kuufungia weusi ndani." Akakimbilia daftari.

Miaka yote nimeyaona majivu yale bila kujua sababu. Yeye ameyaona mara moja, akaijua. Nilikuwa nimedhani nimeuacha wivu wangu kule kwenye kilima cha pumba. Ukanirudia wote, tena kwa nguvu mpya.

"Hiyo potasiamu ni kitu gani?" niliuliza.

Hakuinua kichwa. "Leo siwezi kukufundisha kitu, Kaka."

Nilibaki kwenye kigoda nikimwangalia anavyoandika, ukurasa baada ya ukurasa, hadi akafunga daftari na kuingia ndani.