Mteja wa Ijumaa na Mumewe Mkali

Katika mji ule hapakuwa na mtaa ambao Fundi hakupaka rangi walau ukuta mmoja. Miaka thelathini na miwili alishika brashi, mtu mwembamba, mpole, asiyejua kugombana hata na paka aliyemmwagia kopo la rangi. Siku moja ngazi ikateleza akiwa juu yake, akaanguka kutoka ghorofa ya pili, nyonga ikavunjika mahali pawili. Walimtia vyuma, wakamfundisha kutembea upya kwa kushikilia fremu ya miguu minne, wakamwambia amshukuru Mungu. Akamshukuru. Lakini yeye na mkewe walikaa ghorofa ya tatu, katika jengo lisilo na lifti, na vidato hamsini na vinne si mchezo kwa mtu mwenye vyuma nyongani.

Basi mkewe akawa miguu yake. Kila Ijumaa alasiri alibeba kikapu kwenda sokoni, mitaa mitatu kutoka pale, akarudi jua likiwa limepoa. Akishatandaza gazeti juu ya meza ya jikoni, Fundi alivuta kigoda, wakachambua mchicha pamoja. Mizizi ilikuwa bado na udongo mbichi, nyanya zina joto la mchana. Mkewe hakuwa mtu wa maneno mengi nyumbani. Alichambua, akasuuza, akakunja gazeti. Fundi naye hakuwahi kumuuliza ananunua kwa nani. Maadamu bomba linatoa maji, nani huuliza chemchemi iko wapi?

Mwanamke yule alifariki Jumatatu moja asubuhi akiwa ameinama kufunga kamba za viatu. Presha, walisema. Binti yao, aliyeolewa mji mwingine, alikaa na baba yake wiki tatu, kisha kazi ikamwita. Kabla ya kuondoka alipanga mambo vizuri. Duka kubwa lingeleta mahitaji kila wiki, yeye angeagiza kwa simu, mzee asisumbuke na kitu.

Mahitaji yalikuja kweli. Mwenye pikipiki aligonga, akaweka mfuko mlangoni, na kabla Fundi hajafika na fremu yake, ngazi zilikuwa kimya. Karoti zilifungwa plastiki kama vitu vya harusi. Mchicha ulikuwa baridi, umelala, pembe zake nyeusi. Nyanya zote zilikuwa na wekundu mmoja, na Fundi, aliyechanganya rangi maisha yake yote, alijua kwamba wekundu wa namna hiyo hutoka koponi.

"Vimefika, baba?" binti aliuliza kila wiki.

"Vimefika, mwanangu. Ahsante sana."

Angemwambia nini? Mtoto alikuwa anafanya alichoweza. Fundi alipika, akala nusu, nusu akamwaga. Alidhani anachotamani ni mchicha wenye udongo, na pengine kwa siku za kwanza ndivyo ilivyokuwa.

Simu ya marehemu aliendelea kuichaji, ingawa haikulia tena. Mwezi wa saba tangu msiba, Ijumaa moja, alikaa jikoni akaanza kupitia majina yaliyomo. Katikati ya shangazi na fundi bomba akaona limeandikwa "Dada Mboga". Akalibonyeza.

"Haya, mpotevu," sauti ya mwanamke ikasema kabla yeye hajafungua mdomo. "Miezi saba. Nilijua umenihama, umepata mwingine wa kukuchagulia. Leo umekumbuka nini?"

Fundi aliisogeza simu karibu na mdomo. "Si yeye, mama. Mimi ni mumewe."

Sauti ikanywea ghafla. "Shikamoo, baba. Nisamehe, nilidhani… Kuna kitu hakikuwa kizuri?"

"Amefariki. Tangu mwezi ule ule alipoacha kuja."

Upande wa pili likabaki soko peke yake. Toroli lililia magurudumu, mtu akaita wateja wa ndizi. Kisha akamsikia mwanamke analia polepole. Fundi hakukata simu. Watu wote walikwisha kumaliza kumlilia mkewe, wakarudi kwenye shughuli zao, na huyu ndiyo kwanza alikuwa anaanza. Ilimliwaza kupita pole zote za matanga.

"Kila Ijumaa nilimtengea fungu lake," yule mama alisema alipopata sauti. "Jua likishuka hajaja, nauza, huku namsema. Mungu anisamehe. Unakaa wapi, baba? Nitakuletea mwenyewe."

Ijumaa iliyofuata akaja. Alikuwa mama mnene wa makamo, anahema kwa vidato hamsini na vinne, beseni kichwani. Hakuingia. Alisimama kizingitini, akatua beseni sakafuni, akafunua kitambaa kama mtu anayeonyesha mali kwa mkaguzi.

"Nimechagua moja moja, baba. Kama kuna iliyobonyea niambie tu, nitarudi nayo."

Fundi alimwona anarudi nyuma hatua moja. "Ingia kwanza ukae, mama. Mbona unaogopa hivyo?"

Aliketi ukingoni mwa kiti. "Usikasirike. Marehemu alikuwa ananieleza habari zako."

"Habari gani?"

"Kwamba wewe ni mkali kama pilipili kichaa. Nyanya ikiwa laini unaitupa dirishani. Mchicha ukiwa na ua hata moja, unamrudisha sokoni kwa miguu. 'Nichagulie vizuri, dada, uiokoe ndoa yangu.' Miaka kumi na mmoja, baba, mimi naokoa ndoa yenu."

Fundi hakujua acheke au alie. Alimwona mkewe amesimama mbele ya meza ya mboga, uso umejaa huzuni ya uongo, anamwuza mume wake kwa fungu la mchicha. Na yeye Fundi hakuwahi kukataa chakula mezani, kiwe kibichi au kimeungua. Akitaka kusema kweli, neno lilikuwa pale mdomoni. Lakini angemfanya marehemu mwongo mbele ya rafiki yake, na maiti hana wakili. Fundi akakunja uso kadiri alivyoweza. Akachukua nyanya moja, akaigeuza mwangani.

"Hii itafaa," alisema kwa sauti nzito. "Lakini wiki ijayo nitatazama tena."

Usiku ule alimwambia binti asitume tena kitu.

Ikawa desturi. Kila Ijumaa Fundi alikuwa mkali kwa nusu dakika, kisha akamkaribisha mgeni maji ya kunywa, naye mgeni akazungumza. Hapo ndipo Fundi aliposikia kwamba mkewe alikuwa na kreti lake sokoni, analipindua, anavua viatu, anakaa. Kwamba alikula karoti bila kuosha, akiipangusa tu kwenye gauni. Kwamba aliweza kumwigiza muuza nyama mpaka muuza nyama mwenyewe akaomba aigizwe tena. Kwamba aliimba, na aliimba vibaya.

"Aliimba?" Fundi aliuliza.

"Mpaka tukamwomba anyamaze, wateja wanakimbia."

Nyumbani hakuimba. Nyumbani alikunja gazeti. Mgeni alipoondoka, Fundi alibaki na fungu lake mezani na shauku ya namna mpya. Yule mke wa kukunja gazeti, Fundi alikuwa amezoea kumkosa, kama mtu anavyozoea jino lililong'oka. Lakini huyu wa kreti, mwenye miguu mitupu na karoti mdomoni, hakuwahi kukutana naye. Alikuwa akiishi mitaa mitatu tu kutoka pale, muda wa saa mbili kila wiki, na Fundi hakuwahi kumwona hata mara moja. Alijiuliza kama angekuwa na miguu angemfuata. Pengine hapana. Pengine ndiyo sababu mkewe aliliweka lile soko liwe lake peke yake. Hilo nalo lilimuuma.

Juma moja mvua ilinyesha vibaya. Mama Mboga alifika amelowa, mchicha umechanika. "Nisamehe, Fundi. Leo hata mimi nauonea aibu."

"Haidhuru, mama. Si utakatwa hata hivyo?"

Yule mama akamtazama. Akamtazama tena. "Fundi, wewe si mkali."

Fundi alikumbuka kukunja uso, lakini alikuwa amechelewa. "Si mkali."

"Tangu lini?"

"Tangu nizaliwe."

Mama Mboga alicheka mpaka akashika ukuta. "Alinipata," alisema, akijifuta macho kwa kiwiko. "Alinipata miaka kumi na mmoja. Na mimi nilikuwa namwapia kwamba mchicha umechumwa alfajiri ile ile. Siku nyingine ulikuwa wa jana jioni. Sijui kama alijua."

"Hata mimi sijui."

Aliyepaswa kujibu hakuwepo.

Ijumaa iliyofuata Fundi alinyoa ndevu, akavaa shati la kutokea, akaanza kushuka tangu saa sita mchana. Hakumwambia mtu. Alitua fremu kidato cha chini, akaifuata kwa mguu mzima, kisha akauvuta ule mbovu. Jirani wa ghorofa ya pili alimwuliza anakwenda wapi, akajibu, "Sokoni," kana kwamba huenda kila siku. Ilimchukua karibu saa nzima. Alipofika mlango wa chini, jasho lilikuwa limeloanisha shati, na mguu ulitetemeka mpaka fremu ikagonga sakafu. Aliweza kuiona kona ya kwanza tu, na ukuta wa manjano alioupaka mwenyewe zamani, sasa umebabuka. Soko lilikuwa kona mbili mbele. Mguu ulikataa. Akakaa kwenye kidato cha mwisho.

Mama Mboga alimkuta hapo. "Ulikuwa unakwenda wapi, Fundi?"

"Kuliona kreti."

Alitua beseni, akaketi kando yake. Hakumwambia kwamba siku moja atafika. "Kreti ni kreti tu," alisema baadaye. "Mara nyingine alikalia ndoo yangu."

Kisha akafunua kitambaa, na Fundi akachagua mwenyewe, mara ya kwanza tangu aanguke. Aliziacha nyanya zenye wekundu wa sare, akachukua zile zenye kijani kidogo begani. Majirani wawili wakampandisha juu kwa kiti.

Tangu siku hiyo mboga zake hupokelewa kwenye kidato cha mwisho. Fundi huanza kushuka saa sita, na siku hizi hupunguza dakika chache za ile saa nzima. Soko hajalifikia. Mara nyingine, upepo ukigeuka, huleta harufu ya vitunguu na majani mabichi, na sauti za watu wengi zilizochanganyika. Hapo mikono yake husimama ndani ya beseni. Mama Mboga humwacha asikilize.