Paka Mwenye Grisi Mgongoni

Harufu ya pumba za mpunga ndiyo iliyonipokea Wang'uru. Ni harufu kavu, yenye joto, inayokwaruza koo kidogo, na mpaka leo nikipita karibu na mashine ya kukoboa najikuta tena mtoto wa miaka minane, nimeshika pindo la kanga ya mama. Uhuru ulikuwa bado mchanga, kwetu Tanzania na kwao Kenya vilevile. Tulitoka Moshi kwa basi, tukalala Nairobi kwa watu wa kanisa, kisha tukashuka Sagana kuunganisha gari jingine. Mama alikuwa anamtafuta baba. Baba alikwenda huko Wang'uru, Kenya, kutengeneza mashine za mpunga, na tangu mvua zianze hatukuwa tumepata habari zake. Majirani walishaikata kesi: ama amekufa, ama ameoa. Mama alifunga mzigo, akanipaka mafuta, tukaondoka.

Paka nilianza kuwaona Sagana. Kwetu, paka asiye na mwenyewe ulimwona mkia tu, maana wavulana wa mtaani walikuwa wepesi wa mawe. Pale Sagana, tukiwa tumekaa nje ya mkahawa tukinywa chai, paka wa kijivu alikuja akalala juu ya viatu vyangu kana kwamba tumelelewa pamoja. Nilikauka. Nilimngoja anikwaruze, yeye akaanza kukoroma. Mama, ambaye hakuwa ametabasamu tangu mpakani, alimtazama kwa muda. "Huyu hajawahi kupigwa," akasema, nami nikajua anamfikiria baba. Nilijiambia kwamba watu wasiompiga paka asiye wao huenda hawakumtendea ubaya fundi mgeni pia. Zilikuwa fikra za kitoto, lakini nilishikamana nazo njia nzima.

Wang'uru tuliulizia asubuhi nzima bila mafanikio, na kisa kilikuwa adabu ya mama mwenyewe. Kwa malezi yake, mke hakutamka jina la mumewe. Alimwita kwa jina la mzaliwa wa kwanza, na wa kwanza wetu alikuwa kaka yangu Eliudi, aliyefariki kabla sijajua kutembea. Nyumbani mtaa mzima ulimjua baba kama Baba Eliudi, na mama kama Mama Eliudi. Mimi nilikuwa "yule mdogo", hata baada ya kubaki peke yangu. Basi mama alisimama mbele ya kila duka la mchele akauliza, "Samahani, Baba Eliudi anakaa wapi?" Hakutaja ufundi wala Moshi, kwa aibu ya kuonekana mke anayemwinda mume. Watu walimuuliza jina lake lingine, naye akatazama chini. Kila aliyeulizwa alitikisa kichwa. Mtu wanayemjua wote nyumbani, hapa hajulikani hata na mmoja. Nilianza kuwaamini majirani.

Jua lilipopanda tulijibanza kwenye kivuli cha duka la mama mmoja mnene, mchangamfu, aliyekuwa akipepeta mchele. Paka walimzunguka, na kila mara aliwatupia vichwa vya samaki wa mferejini bila hata kuwaangalia. Mmoja wao, mweupe, aliniacha nimguse, kisha akajisugua kwenye gauni langu la kanisani. Aliacha alama nyeusi, pana kama kiganja. Mama alishika kichwa. Baada ya yote yaliyotupata, sasa na gauni.

"Usichape mtoto," yule mama akasema. "Hiyo paka ndiyo chafu. Inashinda kwa mashine huko, fundi anaishika-shika na mikono iko na grisi. Nimemwambia ati aoshe mikono kwanza, hasikii." Akanigeukia. "Na wewe kasichana, unaitwa nani?"

"Aika."

Ungo ulisimama mikononi mwake. "Ati Aika? Aika ya Baba Aika? Si ndiye huyo fundi ninasema! Kila siku ni Aika hivi, Aika vile. Sisi tulijua wewe ni msichana mkubwa, uko sekondari." Akamtazama mama juu mpaka chini, akatabasamu. "Karibu, Mama Aika. Fuateni tu hiyo paka. Saa ya chakula inarudi kwa huyo fundi, haipotei."

Mama hakusogea. Hakuna aliyewahi kumwita hivyo. Mimi nilikuwa nimeshaondoka, namfuata paka mweupe aliyetembea mkia juu kando ya mfereji, bila haraka, kama mtu anayekwenda kazini. Alituingiza uani, akapita lori na magunia, akaenda moja kwa moja hadi kwenye miguu iliyochomoza chini ya mashine. Niliijua ile miguu. Mama alikaa chini palepale kwenye pumba, akacheka huku analia. Baba alitoka amekonda, macho ya manjano kwa malaria iliyomlaza muda mrefu. Dereva aliyekuwa amemkabidhi ujumbe wa kutuletea hakufika kwetu kamwe. "Kumbe uko hai," mama akasema, na nadhani sijasikia tena sauti iliyotua mzigo namna ile.

Siku hizi mume hapotei hivyo, simu ipo mfukoni. Baba alirudi Moshi, mtaa ukaendelea kumwita Baba Eliudi, naye akaitika mpaka alipofariki. Sikumwonea Eliudi wivu tena, maana nilijua baba alijiitaje alipokuwa peke yake ugenini. Nimesafiri nchi kadhaa tangu hapo, na katika kila mji mgeni nawaangalia kwanza paka wake. Wasipokimbia, usiku nalala vizuri. Mwaka jana nilipita Wang'uru. Mji umepanuka, ile mashine haipo, na yule mama hakuna anayemkumbuka. Nilikuwa nachagua mchele paka mmoja akaja kulala juu ya viatu vyangu. Kijana muuzaji akaniuliza, "Mama, unatafuta nani huku?" Nikamwambia sitafuti mtu, mimi ni mtoto wa Baba Aika. Akaitikia kwa heshima bila kuelewa. Niliinama nikampapasa yule paka mgongo mzima, kisha nikakiangalia kiganja changu. Kilikuwa safi, nami nilitamani sana kisiwe safi.