Madaftari Tisa ya Profesa

Kitu cha kwanza nilichokiona kwa baba mdogo, siku niliyohamia kwake baada ya kumaliza chuo, ni kidole gumba. Kilikuwa cheusi kwa wino wa magazeti, naye alikilamba kila alipofunua ukurasa. Kwa kidole hichohicho alinimegea mkate. Niliula kwa adabu, nikianzia upande usio na wino.

Ni fundi saa, na mkono wake hautetemeki. Lakini saa za watu zilikuwa zimesukumwa pembeni ya meza, matumbo wazi, zimejaa vumbi, maana katikati palikaliwa na madaftari tisa. Kila Jumamosi kwa miaka tisa ameandika namba sita za bahati nasibu. Hakuruka hata wiki aliyomzika mama yake. Majirani humwita Profesa. Humcheka mchana, kisha huja mmoja mmoja kumnong'oneza awape namba.

"Wewe umesomea takwimu," aliniambia. "Mimi nimesomea uvumilivu. Tuunganishe vichwa."

Nilikubali kwa kiherehere cha mtu mwenye cheti kipya. Siku nne niliingiza namba kwenye kompyuta. Kurasa zilinuka jasho, nyingine zimegandana kwa chai ya zamani. Mwishowe jedwali lilionyesha kwamba kila namba, kuanzia moja hadi arobaini, ilikuwa imetoka mara sitini na ushee. Kuanzia arobaini na moja hadi arobaini na tano, hakuna iliyofika mara ishirini.

"Umeona? Hizo tano, zamu yao imefika," alisema, akalibandika jedwali langu ukutani.

Niliyarudia madaftari. Katika saba ya kwanza hakuna namba iliyozidi arobaini. Nikaenda kwa muuza tiketi, naye akanijibu bila kuinua macho kwamba vipira vitano vyenye namba hizo viliongezwa kwenye pipa miaka miwili iliyopita. Tangu viingie, vimetoka sawasawa na wenzao.

"Baba mdogo, hazijachelewa. Hazikuwepo."

"Najua. Zilipoingia nilikuwepo, wewe ulikuwa unafanya mitihani." Akalamba kidole. "Mgeni akikuta wenzake wameshakula sahani mbili, akiketi si atakula kwa pupa?"

"Kipira hakina tumbo, baba."

"Wala wewe huna subira."

Nililibandua jedwali, lakini nilikuwa nimechelewa. Kinyozi alikuwa ameshalinakili, na mtaa mzima ulisema mtoto wa chuo kathibitisha. Nilijichukia kuliko nilivyowahi kuchukia namba yoyote.

Mpango wa baba mdogo ulikuwa droo kubwa ya mwisho wa mwaka: tiketi arobaini, zote zikiwa na zile namba tano, na ya sita ikibadilika kutoka moja hadi arobaini. Hesabu safi kabisa, iliyojengwa juu ya uozo. Tiketi za droo hiyo ni ghali. Alhamisi, mama mdogo akiwa sokoni, baba mdogo alimwuzia fundi nguo wa mtaa wa pili cherehani ambayo mkewe hushonea sare za shule. Sare hizo ndizo zinazotulisha. Fundi nguo alikubali kuiacha mpaka droo iishe. Zikitoka zile tano, atarudishiwa pesa yake maradufu. Zisipotoka, anaondoka nayo.

"Uliniuliza?" mama mdogo alisema aliporudi.

"Nitakuuliza Jumamosi, unataka ya umeme ya rangi gani."

"Nataka hiihii. Imeshauzoea mguu wangu."

"Mwanamke, utajiri unabisha hodi, wewe unauliza nani."

"Nauliza kwa sababu kila mara anayeingia ni wewe."

Leo ndiyo Jumamosi yenyewe, na saa kumi inakaribia. Mkokoteni umeegeshwa mlangoni. Fundi wa mtaa wa pili ameukalia, anachokonoa meno. Majirani wamejazana barazani na tiketi zao zenye namba zilezile tano, wakinuka jasho na tamaa, na kinyozi ameiweka redio juu ya madaftari. Ndani, mama mdogo anashona kola ya mwisho na hainui macho. Baba mdogo amezipanga tiketi arobaini mezani kama karata.

Uwezekano naujua, niliukokotoa mara mbili. Hata hivyo nimejikuta nimesimama karibu kabisa na redio, nikinong'ona kama wao, "Arobaini na tatu, arobaini na tatu." Mtangazaji amesema pipa limeanza kuzunguka. Kipira cha kwanza bado hakijatoka.