Sindano za Mti wa Mbuni

Wiki iliyopita niliingia duka moja pale Rubwera kununua sindano za kufumia. Muuzaji akaniuliza nataka za chuma, za plastiki au za mti. Nikamwomba anionyeshe uzi kwanza. Akacheka. Lakini wewe nawe ungelelewa na bibi yangu, usingechagua sindano kabla ya kushika uzi.

Nilikuwa na miaka kumi, tukiishi Nyakatuntu, kipindi cha mvua ambapo ukungu haukutoka migombani hadi saa nne. Mama alijifungua kabla ya siku zake. Mdogo wangu alienea katika viganja viwili vya bibi. Zahanati walimfundisha mama kumfunga kifuani, ngozi kwa ngozi, wakaagiza aletewe kofia haraka, kwa sababu mtoto wa namna ile hupoteza joto kichwani.

Vidole vya bibi vilikuwa vimekakamaa, kwa hiyo kazi ikaniangukia mimi. Alifumua mtandio wake wa kanisani, uzi laini unaong'aa, akanipa spoki mbili za baiskeli ambazo yeye alifumia masweta ya sufu maisha yake yote. Kila nikifika safu ya tatu, vitanzi vilichomoka vyote vikamwagika. Nikaanza upya mara nne. Ebitoke, ndizi zetu za kupika, na maharage vilikuwa vinatokota jikoni, harufu nzuri, lakini sikuweza kula. Nilijua wazi kwamba mtoto akifa, nimemuua mimi.

Jirani yetu, mama mmoja wa Muleba, akaja kutupa pole. Nikamwamkia shikamoo huku nalia. Alishika uzi, akazitazama zile spoki.

"Uzi unaoteleza usiupe chuma, mwanangu. Upe mti, utaushika. Chuma ni cha sufu, ile inayong'ang'ania."

Bibi hakubisha. Alichukua panga, akaenda nyuma ya nyumba, akarudi na vijiti viwili vikavu vya mbuni, mti wa kahawa. Akavikwangua kwa kipande cha chupa, akavisugua kwa jani la msasa, akavipaka samli na kuifuta. Akavifanya vyembamba kuliko nilivyotarajia, maana, alisema, mkono wangu ulikuwa mlegevu, na sindano nyembamba hubana vitanzi.

Safu ya tatu ikapita. Ya kumi ikapita. Alasiri tulikuwa zahanati. Kofia ilimzidi kidogo, mama akaikunja ukingo. Kesho yake muuguzi alimshika mtoto miguu, kisha akasema, "Amepata joto." Bibi akakaa kwenye benchi, akaomba maji, akanywa vikombe viwili bila kupumzika.

Bibi hayupo tena, na mibuni ya nyuma ya nyumba iling'olewa. Mdogo wangu sasa ni mwalimu Bugomora. Watu huniuliza kama nimeitunza ile kofia. Hapana. Alipofikisha miezi sita, amenona mashavu, bibi aliifumua mwenyewe uani, taratibu, huku akiimba. Ilikuwa haihitajiki tena.