Samaki Aliyevaa Shati la Mistari

Ile safari ya kwenda Nachingwea haijanitoka mpaka leo, mwanangu. Nilitoka Singida nikiwa na miaka ishirini na minane, begi moja, cheti cha kidato cha nne na kamera ndogo ya mfukoni. Usiku wa kwanza nililala Dodoma, wa pili Dar es Salaam, na alfajiri ya siku ya tatu nikapanda basi la kusini. Kila tulipovuka mto nilidhani tumefika. Mchana nikashushwa Nanganga, nikakaa juu ya begi langu kwenye jua mpaka lori lililobeba mabati likakubali kunichukua. Dereva akaniuliza ninamfuata nani huko. Nikamwambia simfuati mtu. Akanitazama, kisha akarudisha macho barabarani.

"Basi utaondoka," akasema.

Alisema kweli, ila ilinichukua miaka mitatu, na nisingeondoka vile nilivyoondoka kama ningekuwa na adabu kidogo.

Umeniuliza, mwanangu, ununue kamera gani na lenzi gani, kwa kuwa umepata tangi lako la kioo na samaki wadogo sita, na unataka kuwapiga picha kwa karibu mpaka magamba yahesabike. Jibu lake ni fupi. Lakini nakujua ujana. Kijana akipewa jibu fupi huenda nalo hadi mlango wa duka, akifika ndani ananunua kitu kingine. Mimi nilifanya hivyo hivyo, na kuna mtu aliyeumia.

Nilikaa Nachingwea miezi minne tu, miguu ikaniwasha, nikahamia Ruangwa. Nikapanga chumba karibu na stendi, nikatundika kitambaa cha buluu ukutani, nikawa napiga picha za pasipoti. Siku moja akaingia Mzee Chitanda, mkulima wa korosho na ufuta kutoka kijiji kimoja upande wa Narung'ombe. Alikuja kupiga picha ya kadi ya ushirika. Nilipomaliza hakuinuka kwenye kiti.

"Kijana, hiyo kamera yako inaona kitu kidogo?"

"Kidogo kama nini, mzee?"

Akanionyesha kidole chake cha mwisho. "Samaki. Akiwa hai, ndani ya maji."

"Samaki naye anataka pasipoti?"

Hakucheka. Akasema samaki hana shida, mwenye shida ni yeye, maana kijiji kizima kinamwita mwongo.

Habari yenyewe ilikuwa hivi. Nyuma ya shamba lake kulikuwa na dimbwi. Masika linajaa, kiangazi linakauka mpaka udongo unapasuka na mbuzi wanapita juu yake. Na kila mvua zikirudi, samaki wanakuwemo. Watu walisema wanaletwa na mafuriko kutoka mtoni. Mzee alisema hapana, wanataga kwenye tope, mayai yanangoja humo kiangazi chote, na tena ni samaki wazuri kuliko wote aliowahi kuwaona. Hilo la uzuri ndilo lililowachekesha watu zaidi. Maji ya dimbwi lile yalikuwa na rangi ya chai ya maziwa, na ukichungulia kutoka juu ulikuwa unaona migongo myeusi tu. Sasa kijiji kilikuwa kimepanga kulifukia na kufanya uwanja wa gulio. Mkutano ungekaa baada ya mavuno ya ufuta, wakati dimbwi limekauka na samaki wote wamekufa, kwa sababu samaki hawa hawamalizi mwaka. Mzee angesimama mbele ya watu akitetea shimo la udongo mkavu.

"Nikiwa na picha," akasema, "sitahitaji maneno mengi."

Kesho yake nilimfuata kwa bodaboda. Alikuwa amemtuma fundi wa madirisha kule Nachingwea amuunganishie vioo vya zamani kwa gundi, likapatikana tangi la urefu wa mkono. Alikuwa amelikalisha mezani, kando ya dirisha, akatia samaki wachache, na maji yake yalikuwa safi. Mwanangu, nimezunguka nchi hii, lakini sijaona kitu kama kile. Dume lilikuwa na mwili wa buluu iliyotiwa ukingo mwekundu kwenye kila gamba, na mkia mwekundu kama pilipili iliyoiva. Likitanua mapezi, chumba cha mzee kilionekana kikuukuu ghafla. Nilisimama nimeinama mpaka mgongo ukauma.

Kamera yangu ilikuwa mfukoni. Sikuitoa. Nikamwambia hiki ni kitoto cha kamera, aningoje, nakwenda Dar es Salaam kununua kamera ya kweli.

"Lete inayoweza kusogea karibu," mzee akasema. "Ndogo tu, ila isogee."

Kariakoo nikampata muuza kamera zilizotumika, mtu mtaratibu. Akaniuliza ninapiga nini. Nikamwambia harusi, na samaki wa kwenye kioo. Akanitolea kamera ya kawaida ya kubadilisha lenzi, ya mtu anayeanza, na lenzi fupi nene kama kikombe. Akasema mafundi wanaiita makro, unaisogeza mpaka karibu uguse kioo nayo bado inaona. Nikaikubali ile kamera. Kisha jicho langu likapanda rafu ya juu, nikaiona nyingine, ndefu kama mchi.

"Na ile?"

"Ile ni ya kuvuta vitu vya mbali. Mpira, wanyama. Kwa samaki wako inataka usimame mita moja na nusu." Akanionyesha kwa kidole namba iliyoandikwa ubavuni mwa lenzi.

"Nitarudi nyuma," nikasema.

Akaniuliza mara mbili kama nina hakika. Mwanangu, niliona jinsi nitakavyoingia nayo harusini. Hakuna kingine nilichokiona. Nikaichukua ile ndefu, na ili kujazia bei nikamwachia kamera yangu ya mfukoni.

Niliporudi mfungo ulikuwa umekwisha na harusi zilikuwa zimefuatana. Kule kwetu, na nina maana huko, maana kwa miaka ile palikuwa kwetu, mpigapicha hapimwi kwa picha. Picha zinakuja baada ya wiki, watu wameshatawanyika. Anapimwa kwa chombo alichobeba siku yenyewe. Nilipoingia harusini Nkowe na mchi wangu shingoni, wanawake walisimamisha vigelegele wakanipisha.

"Oya, bazuka hilo," kijana mmoja akasema.

"Hiyo inaona mpaka Masasi," akajibu mwenzake. "Mama mkwe kama kaficha wali ataonekana."

Nilikula sifa zile wiki tatu. Mzee alinitumia salamu kwa dereva wa bodaboda, mara ya kwanza akiuliza kama nimerudi salama. Mara ya pili alisema neno moja tu: "Mwambie samaki wanazeeka."

Nilipofika hatimaye, majike yalikuwa yamekufa. Dume lilibaki moja, mgongo umepinda kidogo, lakini rangi ilikuwepo bado. Nikasogea, lenzi ikakataa. Ilikoroma, ikaenda mbele, ikarudi nyuma, ikaniachia ukungu. Nikarudi nyuma hatua moja, ya pili, mpaka nikawa nimesimama kizingitini, na samaki akawa kama punje ya ufuta. Chumba kilikuwa na giza, nikawasha flashi. Mwanga ukagonga kioo ukanirudia usoni. Nikapiga, nikapiga tena. Mzee alikuwa ameshika pembe ya tangi ili lisitikisike, kama mtu anayemshika mtoto anayechomwa sindano.

"Zimetoka?"

Nikatazama kile kioo kidogo nyuma ya kamera. Nilijua. Usidhani sikujua.

"Zimetoka vizuri, mzee," nikasema.

Samaki yule aliishi siku nne zaidi. Ningesema ukweli, mzee angemtuma mtu Ruangwa kwa mwalimu fulani aliyekuwa na kamera yake. Aliniambia hivyo mwenyewe baadaye. Siku nne zilitosha. Mimi nilizitumia kwenye harusi nyingine.

Asubuhi ya mkutano nilimpelekea picha tatu kubwa, nilizosafishia Masasi, ndani ya bahasha niliyoifunga kwa gundi. Nilimwomba asifungue njiani zisiingie vumbi. Mzee alikuwa amevaa kanzu yake ya Idi. Zamu yake ilipofika alisema maneno machache, kwamba amechoka kusema, na leo watu wajionee. Akampa mwenyekiti bahasha.

Mwenyekiti akaitoa ya kwanza, akaisogeza mbali na macho, akaisogeza karibu. Hakuwa mtu mbaya. Naamini kweli alikuwa akimtafuta samaki.

"Mzee Chitanda," akasema, "samaki wako amevaa shati la mistari."

Shati hilo nilikuwa nimelivaa mimi. Kioo kilikuwa kimenipiga picha mimi, nimesimama mlangoni na mchi wangu, na kwenye tumbo langu kulikuwa na doa dogo jekundu. Doa lile ndilo lililokuwa samaki. Picha zikapita mkono kwa mkono.

"Lakini kapendeza," mtu akasema nyuma. "Tumtafutie mchumba."

Watu walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Zilipomfikia mzee, hakuzipokea. Alikuwa amesimama akiangalia watu wakicheka, mikono ameiweka mbele ya kanzu kama anayeswali. Kura ikapigwa, mikono ikainuliwa, dimbwi likaisha.

Nilimfuata njiani nikaanza kueleza habari za flashi na mita moja na nusu. Aliniacha nimalize.

"Wewe ulinunua kitu ili watu wakuone," akasema. "Na wamekuona. Mimi nilitaka waone samaki." Akatembea kidogo. "Hilo ningelisamehe. Lakini nilikuuliza kama zimetoka."

Mwezi wa nane trekta likaleta udongo.

Mwaka uliofuata, fundi mmoja wa Masasi alikuwa akitengeneza kamera ya mfukoni kama ile niliyoiacha Kariakoo. Nikamuuliza ile alama ya ua juu ya kitufe maana yake nini, maana nilikuwa nayo miaka mitatu na sikuwahi kuibonyeza. Akaibonyeza, akaisogeza mpaka vidole viwili kutoka kwenye mkono wangu. Vinyweleo vikaonekana kimoja kimoja. Niliomba kiti nikakaa.

Kwa hiyo nisikilize sasa, mwanangu. Kwanza jaribu uliyonayo kabla ya kuidharau, hata ya simu. Tafuta ile alama ya ua uibonyeze. Ukinunua, nunua kamera ya kawaida ya mwanzo, iliyotumika haina ubaya, na fedha iliyobaki iweke kwenye lenzi, iwe makro fupi au ya wastani. Usisome jina, soma ubavuni ile namba ya umbali wa karibu kabisa inaoukubali. Kama umbali huo ni mrefu kuliko meza yako, rudisha rafuni hata kama duka zima linakutazama. Ukifika nyumbani safisha kioo ndani na nje. Mdomo wa lenzi uguse kioo, ukiwa umeelekea sawa, usiinamishe. Flashi ya kamera izime. Taa iwe juu ya maji, chumba kiwe na giza, na nyuma yako tundika kaniki, na wewe mwenyewe vaa nguo nyeusi. Usivae shati la mistari. Lenga jicho la samaki, ungoje. Na mtu akikuuliza kama zimetoka, mwambie zilivyotoka.

Hayo yote niliyajua baadaye, na lenzi ile fupi niliinunua baadaye. Nilikuwa nayo mfukoni siku niliyoondoka. Ilikuwa siku ya gulio, na gari la kwenda Nanganga lilisimama pale pale uwanjani, juu ya udongo ule wa trekta. Nikashuka kuagana. Somoe, mkwe wa Mzee Chitanda, alikuwa akiuza maandazi, na maandazi yalikuwa yamepangwa ndani ya tangi la kioo, nzi wasiyafikie. Bado lilikuwa na mstari mweupe mahali maji yalipokuwa yakifika. Mzee alikuwa amekaa kando yake kwenye kigoda.

"Karibu andazi," akaniambia, kwa upole, kama anavyomwambia mteja yeyote.

Nikampa ile lenzi. Nilitaka aishike tu. Akaigeuza, akaiweka jichoni, akatazama kiganja chake kupitia humo kwa muda mrefu. Kisha akaifuta kwa ncha ya kanzu akanirudishia.

"Hii ndiyo," akasema. "Ungekuja nayo."

Dereva alipiga honi. Nikanunua maandazi mawili, nikapanda, na sijarudi tena. Mwaka huu nimefika Kigoma, mwaka jana nilikuwa Tunduma, lakini huko sijarudi.

Mwenyezi Mungu akupe jicho la kuona kidogo na mkono usiotetemeka, mwanangu. Akupe pia ulimi wa kusema "hazikutoka" wakati samaki bado ana siku nne.