Mtoto wa Dume Kongwe

Harithi wa Matambarale aliota mvi akifuata nyayo za tembo. Msimu ule wa korosho alikuwa akimwongoza Dionisia, mtafiti aliyekuja kuokota kinyesi cha ndama, cha mama yake na cha dume lililomzaa, ili alinganishe vinasaba vyao. Alitaka kujua ndama huzaliwa na mabadiliko mangapi mapya, yasiyokuwamo kwa mama wala kwa baba.

Siku moja walijibanza kichakani, dume kongwe likila mabibo katika shamba la watu. Harithi akauliza kama umri una neno katika mambo hayo.

"Unalo, mzee wangu," Dionisia alinong'ona. "Kadiri baba anavyozeeka, mabadiliko mapya kwa mtoto huongezeka. Mengi hayana neno. Machache huumiza."

"Kwa wanyama tu?"

"Hata kwetu sisi."

Dume likainua mkonga upande wao. Dionisia akabana pumzi. Harithi wala hakuliona. Mawazoni alimwona Ashura, mke wake, na mimba yake ya miezi minane. Yeye mwenyewe alikuwa amepita miaka sitini.

Tangu hapo akawa anaacha chakula nusu sahani. Ashura alimtania kwamba siku hizi tembo wamemshinda nguvu, naye akakubali, maana uongo ule ulikuwa mwepesi kuubeba.

Mtoto akazaliwa katika hospitali ya Ruangwa, asubuhi ya mvua. Bi Hajra, mama mkwe, akamletea furushi la khanga amwadhinie. Harithi akalipokea, vidole vikakataa kufunua.

"Mkwe, sikio la kulia liko huku," Bi Hajra akasema. "Au adhana imekutoka kichwani?"

Akafunua. Mbele ya sikio palining'inia kinyama, kidogo kama punje ya mtama. Akakinyooshea kidole.

Bi Hajra akacheka, akausogeza mtandio wake. Kinyama kile kile, kwenye sikio lake. "Hicho ni chetu. Marehemu baba yangu alikuwa nacho."

Harithi akashusha pumzi, akainama, akaanza kuadhini. Lakini kabla hajamaliza, macho yake yalikwisha kuteremka kifuani pa mtoto, yakikiangalia kinavyopanda na kushuka, yakitafuta lile badiliko jipya ambalo hakuna bibi wa kulidai.